Ngoma Nje ya Ukuta

Mume wangu ni seremala, na kaka yangu ni dereva wa lori. Walikuwa marafiki kabla mimi sijaolewa, na urafiki wao ulizaliwa uwanjani. Kaka ana sauti ya kupasua bati, ndiyo maana watu wote humwita Honi, hata mama aliyemzaa. Mume wangu, Fundi, si mtu wa maneno, lakini mpe ngoma. Ngoma kubwa ya mashabiki aliitengeneza mwenyewe, na ngozi yake Honi aliileta kwa lori kutoka mbali. Honi alikuwa akianzisha wimbo, Fundi akiupokea kwa ngoma, na jukwaa zima likiwafuata. Baada ya mechi walikuja kula kwangu, wakabishana mpaka chakula kikapoa, nami nikakipasha tena bila kinyongo.

Kisha klabu ikanunuliwa. Matajiri wawili walikuja na miwani ya jua, na jambo la kwanza walilofanya ni kubadilisha rangi. Kijani kile walichokivaa baba zetu kikawa kijivu, rangi ya jiko lililozimwa. Wakabomoa jukwaa la mbao walilokaa wazee, wakaweka viti vya kuegemea kwa ajili ya wageni wao. Hakuna shabiki aliyefurahi, katika hilo wote walikuwa kitu kimoja. Walipotofautiana ni juu ya la kufanya.

Fundi alisema hataingia uwanjani mpaka matajiri waondoke, kwa sababu kuingia ni kuwashangilia. Honi alisema wachezaji hawakumkosea mtu, na kuiacha timu peke yake ni sawa na kumsusa mtoto kwa sababu ya baba yake wa kambo. Neno likazaa neno. Walioingia wakaitwa vibaraka, waliobaki nje wakaitwa wanunaji. Siku moja, mezani kwangu, Fundi akamwita Honi kibaraka mbele ya watoto. Honi aliinuka. Alinawa mikono, akaniaga mimi peke yangu, akatoka.

Tangu siku ile hakukanyaga kwetu. Mimi nasoma masomo ya jioni, na Honi akiwa mjini ndiye hunichukua darasani. Zamani alinifikisha mlangoni. Sasa alinishusha kwenye kona, na watoto, ambao wanaujua mlio wa lori lake, waliniuliza kwa nini mjomba hafiki. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi nililima kwa magoti. Kila alfajiri nilimwomba Mungu jambo moja. Sikuomba matajiri waondoke, hilo niliwaachia wenye mpira wao. Niliomba kaka yangu ale tena nyumbani kwangu.

Kwa muda ilionekana kama sala yangu imeshika njia nyingine. Mechi dhidi ya majirani zetu ilipokaribia, Honi alinituma nimwombee ngoma kwa Fundi, kwa siku hiyo tu, kwa sababu bila ngoma nyimbo zilikuwa zinachechemea. Fundi alijibu bila kuinua macho kwenye randa kwamba ngoma yake haiwezi kumpigia tajiri. Nikapeleka jibu. Honi akasema ngozi ni yake, basi arudishiwe, Fundi abaki na mti wake aupige. Nikapeleka na hilo. Fundi akacheka, kisha akakumbuka kwamba wamegombana, akarudi kwenye ubao wake. Kicheko kile kidogo nilikiweka moyoni, nikakishukuru.

Siku ya mechi nikafuatana na Fundi. Wanunaji walikuwa wamekaa chini ya ukuta wa uwanja, upande wa barabarani, na kiongozi wao alikuwa kinyozi wa mtaani kwetu. Walikuwa wamekubaliana kukaa kimya mechi nzima ili matajiri wasikie pengo lao. Ngoma iwepo, ionekane, isisikike. Kinyozi alilisimamia jambo hilo kwa ukali hata mzee mmoja alipokohoa akaambiwa kikohozi akakimalizie kwa vibaraka.

Kutoka ndani tulisikia kila kitu. Nilimsikia kaka yangu akianzisha wimbo, na watu wakiudaka kila mmoja kwa mwendo wake, kama watu wanaoshusha kabati kwenye ngazi bila kuelewana. Kila walipokosea, Fundi alikunja uso kama amejigonga nyundo kidoleni.

Sasa, mashabiki wa klabu yetu wana mazoea yao. Timu ikipata kona, wao hupiga makofi matatu, na ngoma hujibu mara mbili. Tangu mgomo uanze, makofi yalikuwa yanaangukia patupu. Kipindi cha pili filimbi ililia, kelele zikapanda, na makofi yakaja, pa, pa, pa.

Mkono wa Fundi ukajibu. Du, du.

Hakukusudia. Aliutazama mkono wake kama ni wa mtu mwingine. Wanunaji wote wakamgeukia, na Kinyozi akafumba macho kama aliyekatwa na wembe wake mwenyewe. Ndani napo pakawa kimya. Kisha makofi yakarudi, safari hii polepole, kama mtu anayebisha hodi. Pa. Pa. Pa. Wakangoja.

Fundi akamtazama Kinyozi. Mara ya kwanza mkono ulimponyoka, lakini hii ya pili ingekuwa ni yeye mwenyewe, naye alilijua hilo. Nikasema ndani ya moyo wangu, Mungu wangu, msaidie.

"Tulikubaliana," Fundi alisema.

"Tulikubaliana tusiwapigie matajiri," Kinyozi akajibu. "Hao wanaobisha hodi si matajiri. Itika, bwana, unatutia aibu."

Fundi akaitika. Ndipo sauti ya Honi ikapanda juu ya ukuta na ule wimbo wa zamani wa kijani, ambao walioingia walikuwa wameuacha kwa sababu walinzi walimtoa nje yeyote aliyeuimba. Fundi akaupokea. Ndani wakaimba, nje tukaimba, na Kinyozi aliyekataza kikohozi akaimba kuliko sisi sote, ingawa Mungu hakumjalia sauti. Matajiri wakabaki kwenye viti vyao vya kuegemea wakiusikiliza mpaka mwisho. Walinzi wangemtoa nani wamwache nani?

Timu ilitoka sare. Honi alipotoka langoni alikuja moja kwa moja mpaka kwenye ngoma, watu wakampisha.

"Shemeji," alisema, sauti yote imemwishia, "ubeti wa pili ulichelewa."

"Ukuta ulinichelewesha."

"Ukuta, au kununa?"

"Vyote." Fundi alifuta mikono kwenye suruali. "Na lile neno nililokuita mbele ya watoto, halikuwa la kweli. Nisamehe."

Honi aliitazama ngoma. "Lilikuwa zito kuliko hii ngoma," alisema, kisha akainama akaishika upande mmoja. Fundi akashika upande wa pili, wakaibeba mpaka kwenye lori.

Nyumbani watoto walimning'inia mjomba wao kama nguo kwenye kamba. Niliandaa meza nikaomba baraka, na sala ikawa ndefu hata Honi akaguna kwamba Mungu amekwisha kuelewa, tumwachie sasa nafasi ya kujibu. Wote wawili wakasema amina kabla sijafika mwisho.

Hakuna aliyebadili msimamo. Fundi alisema mechi ijayo atakuwa nje vilevile, Honi akasema maadamu wale vijana kumi na mmoja wako ndani, naye yuko ndani. Nikaogopa ugomvi unarudi. Lakini Fundi akachomoa penseli yake nyuma ya sikio, akachora ukuta wa uwanja juu ya meza yangu, akaonyesha nyuma ya goli ambako ukuta ni mfupi. Ngoma ikikaa hapo, alisema, sauti itafika upesi. Honi akasema hapo upepo utaibeba yote barabarani. Fundi akasema Honi hajui upepo, alasiri unavuma kuingia ndani. Honi akamuuliza tangu lini maseremala wakawa watu wa hali ya hewa. Chakula kilikuwa kimeanza kupoa. Nikakichukua nikakirudisha jikoni, nikawaacha na upepo wao.