Vidole Viwili vya Karimi

Karimi alikuwa mpiga dramu asiyebagua muziki. Asubuhi ungemkuta studio huko Nkubu akirekodi nyimbo za injili, mchana yuko harusini akiwapigia wazee rumba, na wikendi yuko safarini na bendi ya Kiunga, akipiga benga mpaka jasho limchuruzike viwikoni. Wanamuziki wa Meru na Embu walikuwa na neno lao: Karimi haelezwi wimbo, anaimbiwa mara moja tu, basi. Hakuwahi kuwa na wimbo wenye jina lake, wala hakuutamani. Alipenda kukaa nyuma ya wenzake na kuwasukuma kwa mdundo.

Balaa lilianzia kwenye harusi, katikati ya wimbo ambao angeweza kuupiga huku amesinzia. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vilijikunja vyenyewe, vikajificha kiganjani. Kijiti kikamponyoka, kikabingirika hadi miguuni pa bibi harusi. Watu wakacheka. Naye akacheka, akachukua kingine.

Jumamosi iliyofuata vilijikunja tena, na safari hii hakucheka. Cha ajabu ni kwamba akiweka kijiti chini, vilinyooka. Aliweza kumenya viazi, kufua, hata kumsuka nywele jirani yake pale mtaani Majimbo, alikoishi. Mkono ulikuwa umekataa kazi moja tu.

Akaficha. Mapigo mengine aliyahamishia mkono wa kulia, mengine akayaacha kabisa. Kiunga, aliyeongoza bendi na kupiga gitaa, akamsifu.

"Dada, siku hizi unapiga ukiwa umetulia. Umekomaa kweli."

Karimi akainama kukaza skrubu ambayo haikuwa imelegea.

Alimwona daktari mjini Embu. Daktari akamwambia afungue mkono, aufunge, ambane yeye daktari kidole kwa nguvu zake zote. Akambana.

"Mkono huu ni mzima," daktari akasema.

Karimi akatoa vijiti mkobani, akagonga ukingo wa meza. Vidole vikaingia kiganjani mbele ya macho yao wote wawili.

Daktari alisogeza kiti karibu. "Nimesoma habari za ugonjwa huu. Huwapata watu wa muziki. Ubongo umerudia jambo moja miaka na miaka mpaka umevichanganya vidole. Hauvijui tena."

"Sasa nifanye nini, daktari?"

"Pumzika. Kisha uanze mazoezi, polepole. Wapo wanaopata nafuu."

"Wakapiga kama zamani?"

Daktari alichukua kalamu, akairudisha mezani. "Si wengi, mama."

Alipumzika msimu mzima wa mvua. Akajaribu vijiti vinene, akajaribu kufunga vidole kwa plasta, akajaribu kuanza upya kama mwanafunzi, pigo moja moja, polepole hata mtoto wa jirani angeweza kumpita. Alivyozidi kuubembeleza mkono ndivyo ulivyozidi kukakamaa. Mwishowe kidole cha kati nacho kikaanza kufuata wenzake.

Bendi ilipopata mwaliko wa kuzunguka Kisumu na Mombasa, alimwita Kiunga kando ya ukumbi wa mazoezi, akamwonyesha vidole vikijikunja kwenye kijiti. Kiunga aliushika mkono ule.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeniacha."

Kiunga hakukana. "Ukipona, kiti chako kipo," alisema, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeamini.

Aliyekuja kukikalia ni Mbae, kijana wa Chuka. Karimi mwenyewe ndiye aliyemfundisha nyimbo. Alikuwa amejiandaa kumvumilia mtu wa kubabaisha, lakini Mbae alikuwa hodari, tena mwenye adabu. Aliimbiwa kila wimbo mara moja, akaupiga. Bendi ilipoondoka, Karimi alipakia nguo zake akarudi kwa mamake, Gladwell, huko Gachoka, wakapanda ndengu.

Mamake hakumwacha atulie; kila siku alimwambia Mungu atamponya. Kila alipokutana na mtu sokoni alimtangaza bintiye mpiga dramu, na Jumapili moja mchungaji akamwita Karimi mbele ya kanisa akapige. Angekataaje, mamake ameshasimama na kupiga vigelegele?

Akaketi kwenye dramu. Mkono wa kushoto akauweka juu ya goti. Akapiga kwa mkono wa kulia na mguu, mdundo mtupu ambao angeona haya kumpigia mwanamuziki yeyote. Alitarajia watu wageuke wamtazame. Hawakugeuka. Walicheza mpaka vumbi likapanda, kina mama wakatupa leso juu, mzee mmoja akaacha mkongojo wake kwenye benchi. Karimi aliendelea kupiga huku akiwatazama. Yote aliyoyajua, yote yaliyomgharimu ujana wake, hayakuwamo katika mdundo ule, na hakuna hata mtu mmoja aliyegundua kuwa yamekosekana.

"Bwana asifiwe!" mchungaji alimpa mkono baada ya ibada. "Sijapata kusikia dramu kama hii tangu nizaliwe."

"Si nilikuambia Mungu atakuponya?" mamake alisema, machozi yakimlengalenga.

"Ndiyo, mama."

"Basi utatupigia kila Jumapili," mchungaji akasema.

Karimi alikubali. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda siku za Jumapili.