Jino la Mama Mkwe

Nikisema hakuna mtu Bomet mjini anayeng'oa jino kama mimi, sijisifu. Waulize wenye mapengo. Mgonjwa huniuliza, "Daktari, utaanza saa ngapi?" na jino lake tayari liko kwenye sahani. Kliniki yangu iko juu ya duka la dawa za mifugo, na watu hunitania kwamba siku moja watakosea mlango wadungwe sindano ya ng'ombe. Wacha wacheke. Ngazi zile wanazipanda.

Nilizaliwa Merigi, kwenye nusu ekari ya mahindi ambayo hayakuwahi kutufikisha Krismasi. Baba alichimba mitaro ya watu. Mama alichuna majani chai kwenye mashamba ya wenyewe, akirudi nyumbani vidole vimekuwa vyeusi. Nilipokuwa darasa la sita, jino liliniuma muhula mzima. Mwalimu Nyang'au alichoka kuniona nikilia kwenye hesabu, akanibeba kwa baiskeli hadi kwa daktari wa meno. Robo saa, maumivu yakaisha. Nikawaza, huyu mtu ana nguvu kuliko chifu! Nikaamua kuwa yeye. Ukitaka kujua nilifikaje, jibu ni fupi: michango ya kanisa na kichwa kigumu.

Mtu mmoja tu hakuwahi kubabaishwa na udaktari wangu, naye ni mama mkwe.

Watu wa Boito wanamwita Bot Janeffer, yaani mama yake Janeffer, mke wangu. Ni mjane mwenye ekari mbili za chai, ng'ombe watatu wa gredi, na mdomo wa kuwalisha wote adabu. Siku ya koito, wazee wa pande zote mbili walipokaa kukubaliana ndoa yetu, alimtuma kaka yake aulize: kijana huyu wa wachuna majani atalisha binti yetu kwa meno ya nani? Nyumba nzima ilicheka. Nilicheka nao, lakini iliniuma.

Tangu siku hiyo hatukuzungumza, na hilo halikuwa ugomvi. Kwetu Wakipsigis, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono wala hawatazamani usoni. Ni heshima, na Bot Janeffer anaishika heshima hiyo kama msumari. Nikiingia kwake kwa mlango wa mbele, yeye hutokea kwa mlango wa jikoni. Baadaye namsikia akimwambia mke wangu, "Uliza huyo mgeni kama amekunywa chai." Mgeni! Miaka tisa, watoto watatu, bado mimi ni mgeni.

Jumanne moja asubuhi Janeffer alinipigia simu akiwa kwa mama yake Boito.

"Baba Chepkemboi, mama amefura. Shavu yote mpaka chini ya kidevu. Amekuwa akijifunga na leso, nilifikiria ni baridi."

"Tangu lini?"

"Wiki mbili. Amekuwa akikunywa tu dawa ya duka."

"Anameza mate?"

"Hapana. Anatema kwa kikombe."

Niliketi. Jino likioza usaha ukashuka shingoni, koo huanza kufunga, na mtu akishashindwa kumeza mate, muda uliobaki ni mchache. Nikamwambia akodi gari lolote la jirani, amlete sasa hivi. Hospitali kubwa ningempeleka, lakini usaha ule ulipaswa utoke kwanza.

Halafu likanijia jambo lililonikausha. Wiki mbili! Alhamisi iliyopita Bot Janeffer alikuja mjini. Adoyo, muuguzi wangu, alimwona pale chini akinunua dawa ya kupe. Alisimama chini ya ngazi zangu na jino bovu mdomoni, kisha akarudi Boito, kwa sababu mwenye koleo ni mkwe wake. Mimi ninayejigamba kuokoa mji mzima ndiye niliyekuwa nikimzibia njia. Niliona aibu, tena aibu kubwa.

Walifika saa nne. Alipopanda ngazi akaniona mlangoni, alijifunika uso kwa leso na kugeuka ashuke. Nilirudi haraka nyuma ya pazia.

"Mama, unaenda wapi?" Janeffer akalia.

Jibu lilitoka kwa shida, maneno yamebanwa na uvimbe. "Hiyo haiwezekani. Afadhali nife na heshima yangu."

"Adoyo," nikanong'ona, "mwangalie mdomo."

Adoyo ni binti wa watu wa ziwa, na kwao pia mama mkwe si mtu wa kuchezea. Alimkalisha kwa upole, akamulika, kisha akaja nyuma ya pazia macho yamemtoka.

"Daktari, ulimi umeanza kuinuka. Anapumua na kelele. Akienda hospitali ya Kericho hivi, hatafika."

"Ungeweza kupasua?"

"Mimi? Daktari, usiniletee kesi."

Nilisimama pale na mikono yangu ninayoisifia, haina kazi. Kisha nikaona kabatini kile kitambaa cha kijani cha upasuaji, kikubwa kama shuka, chenye tundu moja katikati. Nikampa Adoyo.

"Mfunike kichwa mpaka kifua. Mdomo tu ndio ubaki. Mwambie daktari hataona uso wake, hatasema neno, na hatamgusa kwa mkono mtupu. Wewe ndiye utazungumza."

Niliwasikia wakijadiliana. Janeffer alibembeleza kwa Kipsigis, akalia, akakasirika. Mwishowe nikasikia kiti kikilazwa nyuma.

Nilivaa kofia, maski, miwani na glavu, nikatoka. Mbele yangu hakukuwa na Bot Janeffer. Kulikuwa na mdomo. Nikaona pengo la meno mawili ya mbele ya chini, yaliyotolewa alipokuwa msichana, kama walivyofanyiwa wazee wetu wengi. Alivumilia hilo bila ganzi yoyote. Nyuma kabisa, gego limeoza, ufizi umevimba na kung'aa.

"Mama, ukiumwa inua mkono," Adoyo akasema.

Nilidunga ganzi, ingawa najua penye usaha haifanyi kazi vizuri. Mkono haukuinuka. Nikapasua. Mwili wote ukakakamaa kitini, miguu ikanyooka, lakini mkono ukabaki palepale, umeshika ukingo wa kiti. Nilitaka kumwambia alie tu, nikakumbuka ahadi yangu. Usaha ukatoka, mwingi, na harufu ikajaa chumba. Adoyo akaufyonza kwa mashine. Nikakamua tena chini ya kidevu, juu ya kitambaa, nikahesabu pumzi zake. Ile kelele kooni ikapungua, ikapungua zaidi, ikaisha.

Lilibaki jino. Nilichukua koleo. Hapo ndipo mikono yangu, mikono hii maarufu, ilipoanza kutetemeka. Koleo likagonga jino mara moja, nikalitoa. Likagonga tena.

Mkono wake ukaachia kiti. Ukapapasa hewani, ukapata kifundo cha mkono wangu, ukakishika.

"Mama, niko hapa," Adoyo akasema haraka, kuokoa hali.

"Si wewe nimeshika," mama mkwe akasema. Sauti ilikuwa nzito kwa ganzi, lakini pumzi ilikuwa yake mwenyewe sasa. "Wewe, Kipkosgei. Unatetemeka nini?"

Miaka tisa hakuwahi kutaja jina langu. Nilimtazama Janeffer pale mlangoni, naye amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nimeahidi kutosema neno. Nikaivunja ahadi.

"Naogopa kukuumiza, mama."

"Mimi nimezaa watoto saba," akasema chini ya kitambaa. "Ng'oa, mtoto wangu."

Nikang'oa. Machozi yalikuwa yamejaa kwenye miwani, nikang'oa bila kuona, na hakuachia mkono wangu mpaka jino lilipotoka.