Maji Baridi ya Saladi

Mume wangu Delfin alikuwa ameichoka bahari. Miaka nenda rudi anapika kwenye meli za watu, mimi huku nalala na mto. Safari hii alirudi akaapa kwamba akifanikiwa na saladi, haondoki tena. Akazipanda juu ya paa, ndani ya mabomba yasiyo na udongo, mizizi ikining'inia kwenye maji yanayozunguka kutoka tangini. Lakini jua la mji wetu wa Iloilo halina adabu. Maji yakawa kama ya kumwogeshea mtoto, mizizi ikaoza, saladi zote zikatupwa. Wakala wa meli akapiga simu kuuliza kama bado anaitaka kazi. Delfin akamwomba asubiri mavuno mamoja tu.

Akatafuta mashine mbovu za maji ya kunywa, zile za maofisini, akang'oa ndani yake visahani vya umeme ambavyo upande mmoja hupoa na wa pili huunguza. Akavibana kwenye bamba la alumini, akafunga feni za kompyuta upande wa moto, na maji ya tangi akayapitisha upande wa baridi. Nilimcheka.

"Unazitengenezea saladi friji?"

"Cheka tu. Yakipoa, utaninyoa ndevu kila Jumapili mpaka tuzeeke."

Yakapoa kweli. Nilitia mkono tangini nikapiga kelele kwa furaha. Nanay Choleng, mama yake, hakucheka. Mikono yake inatetemeka tangu ujanani, maana alikuwa akiwapigia watu pasi, kisha anafua kwa maji baridi mikono ikiwa bado ya moto. Ugonjwa huo tunauita pasma, na kwetu hakuna asiyeuogopa.

Akapanda upya, lakini saladi zilipofika ukubwa wa kiganja, zikaanza kunyong'onyea. Delfin akakagua nyaya, feni, pampu, vyote vizima. Asubuhi maji baridi, alasiri vuguvugu. Alikuwa anakaa kando ya tangi ameshika kichwa. Mizizi ikageuka kahawia, ikanuka. Siku aliyoing'oa yote ndiyo siku aliyompigia wakala.

Nanay alimkuta anapanga nguo begini.

"Usihuzunike, mwanangu. Hata mimi nilijitahidi kuzilinda."

"Kuzilinda vipi, Nanay?"

"Kila mchana mkishuka kula na kujilaza, nilikuwa naizima ile mashine yako. Jua kali vile, halafu maji baridi miguuni! Niziache zipate pasma kama mimi? Jua likipungua, naiwasha."

Nilifungua mdomo. Delfin akanikata jicho, kisha akaishika ile mikono inayotetemeka, akaitia katikati ya viganja vyake.

"Umefanya vizuri, Nanay."

"Ukirudi tutapanda tena. Nitakuangalizia."

"Sawa, Nanay."

Nilitaka kupiga mayowe, ila sikumwona wa kumpigia. Nikaingia chumbani, nikachukua wembe wake wa ndevu, nikautia begini.