Vijiko Viwili vya Mchele Mwekundu

Siku ya tatu tangu Chongguang, mume wangu, ashindwe kupanda ngazi za chumba cha kuvundikia mchele, sikuweza kukaa kitako. Nafagia, naacha katikati. Nabandika maji, naepua hayajachemka. Mchele ukishapandwa ukungu wa kuugeuza mwekundu hauna subira, usipougeuza kwa mikono unapata moto na kuharibika. Basi nikawa naugeuza peke yangu, viganja vyekundu hadi vifundoni, naye anagumia kitandani.

"Misuli inauma, mama Liping. Kama nimepigwa marungu."

"Umezeeka, kubali tu."

Nilimtania, lakini roho haikutulia. Asubuhi hiyo mkojo wake ulitoka wa kahawia. Liping, binti yetu, akatuendesha mbio hadi hospitali.

Daktari Peng, aliyemwanzishia vidonge vya kupunguza mafuta kwenye damu, alisoma vipimo akakunja uso.

"Figo zimeanza kulemewa. Mzee, nilikuuliza kama unatumia dawa nyingine, ukasema hapana."

"Situmii, daktari. Haki ya Mungu."

Hakudanganya. Kwetu mchele mwekundu ni chakula. Tunapikia kuku, tunachachushia pombe, tunampa aliyejifungua. Nani anauita dawa? Lakini daktari alikuwa anaitazama mikono yangu.

"Mama, hiyo rangi ni ya nini?"

"Ya kazi. Tunatengeneza mchele mwekundu."

"Naye anaula?"

Nikaificha mikono mgongoni. Tangu apewe vidonge, kila asubuhi nilikuwa namtilia vijiko viwili vya unga wa mchele huo kwenye uji, ili vidonge vipate msaidizi.

"Ule ukungu hutoa dawa ya aina hiyohiyo ya kidonge," daktari alisema. "Zikikutana zinazidi. Misuli inavunjika, takataka zake zinaziba figo. Nani anampa?"

Chongguang akaniwahi. "Najitilia mwenyewe. Mlafi mimi."

Miaka thelathini na minne mtu huyu hajawahi kujitilia hata chumvi.

"Muongo huyo! Ni mimi, daktari. Andika mimi."

Wakamlaza, wakamtundikia maji. Figo zikiitika, alisema daktari, atarudi nyumbani. Zisipoitika, ni mashine ya kusafisha damu. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena kando ya kitanda.

"Hebu tulia wewe," Chongguang akasema. "Uji wenyewe ulikuwa mtamu."

Nilitamani anitukane.