Blanketi la Seabata

Nilipitisha kiganja chenye maji kwenye paja la yule ng'ombe mweusi, manyoya yakalala, na chini ya alama mpya ya moto nikaiona ya zamani. Kazi yangu ilikuwa hiyo. Miaka sita katika kikosi cha wizi wa mifugo, huku milimani Lesotho, nilikuwa nikiwafundisha askari wapya kwamba alama ya moto haifutiki. Lowesha ngozi, itajitokeza yenyewe. Lakini asubuhi hiyo sikuwa kazini. Nilikuwa bwana harusi, na ng'ombe huyo alikuwa sehemu ya mahari yangu.

"Mjomba, huyu umemtoa wapi?"

Mjomba Rakotsoane, aliyenilea baada ya baba kufa, alikuwa akifunga blanketi lake begani. "Ana karatasi ya chifu."

"Alama yake imechomwa juu ya nyingine."

"Tlhoriso, leo wewe si polisi. Wakwe wanangoja. Funika kombe mwanaharamu apite."

Wiki tatu kabla, nilikuwa nimepanda hadi malishoni kumtia pingu mchungaji aitwaye Seabata, kwa kosa la kumuuza ng'ombe huyo huyo wa tajiri wake. Theluji ilikuwa ikianguka, naye alikuwa na shati tu. Nikamvika blanketi langu.

"Nitalirudisha, Ntate," aliniambia, akiniita baba kwa heshima ya Kisotho. "Ila sikumuuza. Nikimpigia mluzi tu anakuja. Ningemuuzaje?"

Nilicheka. Wote husema hawakuiba.

Sasa nilijua amesema kweli, na kwamba mwizi ni mjomba wangu, nami nikanyamaza. 'Malineo, mchumba wangu, alikuwa na mimba ya miezi minne, baba yake amekwisha kuchinja. Sijitetei. Niliogopa aibu kuliko dhambi.

Kijiji chetu kilikuwa hakituachi sisi polisi. Polisi na mwizi wanakula sahani moja, walisema, hata tukipita kwenda kuchota maji. Siku hiyo wanawake walipiga vigelegele tulipowaingiza ng'ombe, na mzee mmoja akasimama mbele ya watu wote akasema, "Huyu polisi wetu hajala cha mtu." Sikuwahi kusifiwa kabla ya hapo.

Mahakamani hakimu aliniuliza kama ng'ombe amepatikana. Nilisema hapana. Seabata akapewa miaka mitano. Alinitazama bila chuki, kama mtu anayemtazama shahidi wake, na hilo linanichoma hadi leo.

Mtoto alipozaliwa, baba mkwe aliturudishia ng'ombe yule kwa mafisa: ni wake, ila sisi tumtunze na maziwa tunywe. Ningekataa kwa sababu gani? Binti yangu amekulia maziwa yale. Mimi chai nainywa bila maziwa. Mke wangu anadhani ni tumbo.

Seabata alikuja Jumapili moja mchana, kifungo chake kilipokwisha. Alikuwa amekonda, na blanketi langu amelikunja vizuri kwapani. Jirani yangu Lekhooa, aliyekuwa akirekebisha paa lake, aliacha kugonga misumari ili asikie.

"Nilisema nitalirudisha, Ntate," alisema Seabata. "Wewe peke yako ulinitendea kama mtu."

Kisha akatazama nyuma yangu, kwenye zizi la mawe. Akapiga mluzi mfupi, wa sauti mbili.

Ng'ombe aliacha majani, akaja hadi ukutani, akaweka kidevu juu ya mawe. Seabata alimkuna katikati ya pembe, taratibu, kwa muda mrefu.

"Amezeeka," alisema.

Alilitandaza blanketi juu ya ukuta, akashika njia ya mtoni bila kugeuka.

Lekhooa alimsindikiza kwa macho, akatikisa kichwa. "Umeona? Hata uliowafunga wanarudi kukushukuru. Polisi wa namna yako siku hizi wako wapi?"

Nikamwambia ahsante.