Koleti Iliyokataa Kuingia Bila Shangazi

Usiku wa jana niliota nimekuwa mshenga wa kisu.

Kilikuwa kisu cha mashine yetu ya kuchonga chuma, chenye unene wa milimita kumi na mbili. Kilivaa suti. Karakana ilikuwa ukumbi wa harusi, nami nilitumwa kukitafutia koleti, yaani kile kikombe cha chuma chenye mipasuko kinachobana kisu kisicheze. Asubuhi kingechonga kipande cha mwisho cha chuma kwa pampu ya maji ya kituo cha afya. Kisu kikiyumba, kipande kinaharibika na wagonjwa wanakosa maji.

Koleti ya milimita kumi inasimama kwanza.

"Nitajipanua," inasema.

"Hujipanui, bibi. Wewe unabana kumi kushuka hadi tisa."

"Hayo ni mambo ya chuoni," inajibu, na kuketi kwa hasira.

Ya kumi na tatu inaahidi kujikunja. Naishukuru kwa moyo wake. Kisha naichagua ya kumi na mbili, ambayo inapiga mwayo.

"Nipanguse kwanza," inaniambia. "Bibi harusi gani huyu mwenye vumbi la chuma?"

Sina kitambaa. Navua soksi ya kushoto, naipangusa koleti, na kuisukuma moja kwa moja ndani ya kishikio cha mashine.

Nati, ile inayofunga koleti kwenye kishikio, inasimama. Imejifunga kanga mbili.

"We Nakijwa! Unampeleka mtoto chumbani bila shangazi yake?"

"Shikamoo, shangazi."

"Shikamoo yako baki nayo! Jana jioni ulifanya hivihivi, ukadhani sikuoni. Siku ya kumtoa, nani atamvuta? Mtoto anaanza kwangu, mpaka usikie tak!"

Naitoa koleti kwa taabu, nailaza kidogo, naibonyeza ndani ya nati. Tak! Vigelegele vinapasua bati.

Sasa tuko uwanja wa mpira. Kisu kimeingia, na spana ina urefu wa mlingoti wa bendera. Wageni wote wanataka kuning'inia.

"Kaza! Kaza!"

"Jamani, pumzi!" inalia koleti.

"Nikisema kli, imetosha, mnaniachia," inasema spana. Inasema kli. Tunaiachia.

Mashine inawaka. Uwanja wote unazunguka, mashangazi wanazunguka, mwamuzi anazunguka na kikombe cha chai kichwani. Halimwagiki hata tone. Nilicheka mpaka nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilikumbuka kwamba jana jioni niliisukuma koleti bila nati, kweli. Nilimpigia simu Mbonea, mwenzangu anayefungua karakana.

"Kaka Mbonea, usiwashe mashine! Koleti niliipachika vibaya."

"Vibaya wapi, dada? Nimefungua kukagua. Imekaa ndani ya nati, safi kabisa, inang'aa. Ila niambie, nani kaacha soksi ya zambarau juu ya mashine?"

Nilifunua shuka. Mguu wa kushoto ulikuwa wazi. Wa kulia ulikuwa na soksi ya zambarau.