Siku Jaffer Aliposifia Mchele

Kwa miaka kumi na tisa Jaffer hakuwahi kuusifia mchele wa mtu. Dukani kwake katika soko la Mwanjelwa, anakonunua mchele, mkulima hufungua mfuko wa sampuli, naye huchota punje chache, hufumba macho, huzitafuna upande wa kushoto, kisha hutoa hukumu ile ile: "Wa kawaida tu." Atuganile, mkulima wa Chimala, alikuwa ameisikia kila msimu, na kila msimu alimjibu maneno yasiyofaa kuandikwa hapa. Halafu walikunywa chai na kubishana mpaka mchele ukapimwa.

Mwaka huu Jaffer alikuwa na siri kinywani. Ubavuni mwa ulimi, upande huo huo wa kushoto, palikuwa na kidonda kidogo chenye ukingo mweupe. Alilisingizia jino lililokatika. Alisukutua maji ya chumvi, akapaka asali na manjano, akaacha pilipili, na kidonda kikakaa pale pale kama mpangaji mkaidi. Mwezi wa pili ulipoisha, chai ya moto ilimchoma, kuongea kulimuuma, na sikio la kushoto lilimuuma bila sababu. Lakini tambuu yake ya popoo na tumbaku hakuiacha. Aliihamishia shavu la kulia tu, akajiona mjanja. Mkewe Kaniz akimuuliza, alijibu kwa kupunga mkono tu. Ukweli ni kwamba aliogopa. Mtu anayeishi kwa ulimi, ukikatwa, atabaki na nini?

Asubuhi moja Atuganile akaingia, akatua mfuko kwenye kaunta.

"Habari za siku, kaka Jaffer. Haya, nitukanie mchele wangu."

Jaffer akachota, akatafunia upande wa kulia, akameza kwa shida. Leo hakuwa na nguvu za kubishana.

"Mzuri sana," akasema.

Atuganile akachungulia ndani ya mfuko, akashika kichwa.

"Mungu wangu, nimekosea mfuko! Huu ni mchele wa kuku. Umelowa, ukakauka, ukalowa tena. Nawe umeusifia?"

"Nimekuhurumia, dada Atu."

"Wewe? Umhurumie mkulima? Na mbona leo umetafunia kulia?" Akaizunguka kaunta. "Hebu fungua kinywa."

"Mimi ni mtu mzima bwana."

"Fungua, au nitoke nje nilitangazie soko zima kwamba Jaffer anasifia chakula cha kuku."

Aibu hiyo ilizidi woga wake. Akafungua. Atuganile akatazama, na utani ukamwisha.

"Kina muda gani?"

Jaffer akainua vidole viwili.

"Wiki?"

Akatikisa kichwa.

"Kaniz!" Atuganile akapaza sauti kuelekea nyuma ya duka. "Njoo umpeleke mumeo hospitali, sasa hivi!"

Daktari Verediana alimbonyeza shingoni kutafuta uvimbe, akaushika ulimi kwa kitambaa, akapapasa ugumu chini ya kidonda. "Kidonda cha kinywani kikipita wiki tatu hakijapona, hakiuguzwi kwa asali, baba. Kinaletwa hapa, hata kama hakiumi." Akakata kinyama kidogo cha kupima. Majibu yaliporudi yalisema ni saratani, na Jaffer akalia mbele ya mkewe bila kuona haya. "Nisikilize," daktari akamwambia. "Bado ni ndogo, haijafika shingoni. Tutakata kipande, si ulimi wote. Ila tambuu ndiyo basi tena."

Miezi mitatu baada ya upasuaji Jaffer alirudi kwenye kaunta akiwa na ulimi mfupi kidogo na maneno mazito. Alikuwa akijifungia stoo na kuyarudia moja moja, Kaniz akimsikiliza mlangoni. Siku hiyo Atuganile akaja na mfuko aliouchungulia mara tatu, mchele bora kuliko wote aliowahi kuvuna. Akafunga mikono kifuani na kuomba kimoyomoyo.

Jaffer akachota punje chache. Akafumba macho, akatafuna polepole upande wa kulia, kisha, kwa tahadhari, upande wa kushoto.

"Wa... kawaida... tu."

Atuganile akabubujikwa na machozi ya furaha. Akajifuta kwa kitenge, akamporomoshea matusi yote ya miaka kumi na tisa, na Kaniz akaenda kubandika chai.